Vioo Visivyoungua Viachwe

Mimi ni mwashi wa nyumba za kale za mawe hapa Unguja, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba. Kila tulipokagua ukuta, baba aligonga kwanza kwa nyundo, akasikiliza. Plasta iliyolia tupu tuliibandua, iliyoshika hatukuigusa. Kwa hiyo ukarabati wa kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, nimeufuatilia kwa moyo wote tangu Aprili 15, 2019, paa lake la mialoni lilipoteketea na mnara ukaporomokea ndani.

Heko kwa mafundi wale. Paa lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi, na moto ukasambaza vumbi lake lenye sumu kila pembe. Juu ya mawe ya ndani walipaka utomvu wa lateksi. Ulipokauka wakauchuna kama ngozi, ukaondoka na masizi, vumbi na uchafu wa miaka mingi. Kinanda kikuu, chenye mabomba karibu 8,000, hakikuungua, lakini kilifunguliwa, kikasafishwa, kikaunganishwa upya, kisha kikarekebishwa sauti bomba kwa bomba.

Wapo wanaolalamika kwamba weupe wa kuta umeondoa haiba ya ukale. Siafiki. Giza lile lilikuwa moshi na vumbi. Hakuna mwashi aliyelijenga.

Kinachoniuma ni vioo. Rais Emmanuel Macron ameamua madirisha sita ya upande wa kusini, yaliyobuniwa na msanifu Eugène Viollet-le-Duc katika karne ya 19, yapishe kazi mpya ya mchoraji Claire Tabouret. Moto haukuyadhuru! Tume ya taifa ya urithi na usanifu majengo ya Ufaransa ililikataa wazo hilo Julai 2024, na zaidi ya watu 200,000 wametia saini kulipinga.

Sina ugomvi na sanaa ya leo. Altare ya zamani ilipondwa na vifusi, na mahali pake imewekwa mpya ya shaba nyeusi, kazi ya Guillaume Bardet. Hiyo ni haki, kwa sababu kilichoangamia kimepata mrithi. Lakini vioo vya Viollet-le-Duc vingali vizima, na vilitengenezwa kwa ajili ya kuta zile na jua la upande ule. Kuvihifadhi kwingine si kuviokoa.

Waliochanga zaidi ya euro milioni 800 walichanga ili kilichoungua kirudi. Vioo hivyo havikuungua. Viachwe mahali pake.