Jalada la gemu yako si kazi ya usiku wa mwisho

Wewe unayetengeneza gemu kwa laptopu ya mtumba pale Umoja, Kasarani au Likoni, hii ni yako. Umekaa na hiyo gemu miaka miwili. Umekosa harusi ya binamu, umekosa fainali ya Champions League, na mamako amekuuliza mara ngapi sijui hiyo "kazi ya kompyuta" italipa lini. Halafu zikibaki siku tatu uiweke sokoni, unachukua picha ya skrini, unaibandika jina kwa herufi nyeupe, unaita hiyo jalada. Mazee, hapana.

Nasema hapana kwa sababu ya hesabu, si urembo. Mwaka wa 2024 pekee, gemu zaidi ya 18,000 zilitolewa kwenye duka la Steam. Hiyo ni karibu gemu 50 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Mnunuzi hajui kwamba ulilala njaa ukirekebisha mruko wa shujaa wako. Anachoona ni kijipicha kwenye orodha ndefu, na kidole chake tayari kinateleza. Asipobonyeza hapo, trela hataiona, maelezo hatayasoma, na bei hata ukiishusha hadi bob hamsini haitamfikia.

Na kuingia Steam si bure. Ni dola 100 kwa kila gemu, kama shilingi 13,000 hivi, na unarudishiwa tu baada ya gemu kuingiza dola 1,000. Kwa msee wa mshahara hiyo ni pesa ya wikendi. Kwa anayeunganisha vibarua, hiyo ni kodi ya bedsita.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sitakupigia lekcha ya nadharia ya rangi. Nenda tu ukasimame steji ya magari ya Rongai jioni. Nganya haikai ikikungoja usome. Inapita, muziki umepanda, makanga ananing'inia mlangoni, na bado umeshika jina lake kabla haijakata kona. Kwa nini? Kuna sura moja kubwa ubavuni, si ishirini. Herufi ni nono, zimezungushiwa mstari mweusi. Rangi ni mbili tatu zinazopigana. Aliyeichora anajua una sekunde mbili. Hiyo ndiyo elimu ya jalada, na tumekua nayo tangu nasari bila kulipa karo. Cha ajabu, tukikaa mbele ya kompyuta tunaisahau, tunaanza kuiga mabango ya filamu yenye watu tisa wakiangalia pande tisa.

Sasa tuongee vipimo, manake hapa ndipo wengi huangukia. Steam itakuitisha jalada lile lile kwa maumbo tofauti. La juu ya ukurasa wako ni pikseli 920 kwa 430. La maktaba limesimama wima, 600 kwa 900. Lile dogo ndilo linaloua watu: unalipakia likiwa 462 kwa 174, kisha Steam yenyewe inalikamua hadi 184 kwa 69, na kwingine 120 kwa 45. Pikseli 45 kwenda juu! Hapo joka lako, machweo yako na jeshi lako lote vinakuwa uji. Ndiyo maana Valve, wenye duka, wanashauri jina la gemu lijaze karibu picha yote hiyo ndogo. Kwa hivyo usichukue jalada kubwa ukalipunguza tu. Lipange upya: jina kwanza, na labda uso mmoja nyuma yake. Na kama jina la gemu yako lina maneno sita, hili lilifaa kukusumbua mapema kidogo.

Ulikuwa unafikiria kuandika "BORA ZAIDI AFRIKA" au kubandika nyota tano pembeni? Sahau. Tangu Septemba 2022, Steam hairuhusu jalada la kawaida kubeba kitu zaidi ya mchoro, jina la gemu na jina dogo rasmi kama lipo. Alama za wakaguzi, tuzo, punguzo la bei, vyote nje. Mimi naiona ni sheria nzuri kwetu sisi wadogo. Mwenye kabati la tuzo na asiye nalo wanapigana kwa mchoro tu.

Angalia Hollow Knight, iliyotoka 2017, kazi ya timu ndogo ya Team Cherry kule Adelaide, Australia. Kinyago cheupe chenye pembe mbili, giza nyuma yake. Kipunguze utakavyo, bado unakijua. Among Us, ile tuliyoizoea 2020 tukiwa tumefungiwa nyumbani, ni mwanaanga mnene kama kidonge mwenye kioo usoni. Mtoto wa gredi ya pili anamchora kwa chaki. Mjaribu shujaa wako hivyo hivyo. Mjaze weusi mtupu, ubaki na umbo tu. Kama huwezi kumtofautisha na askari wa gemu nyingine elfu moja, shida haiko kwa jalada. Shujaa mwenyewe hajachorwa bado.

Karibu na nyumbani kuna Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Aliyeanzisha studio iliyoitengeneza, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na gemu hiyo unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na mchezo wote unategemea kubadilisha kati ya hivyo viwili. Ukiwa na kitu kama hicho ndani ya gemu, jalada limejichora nusu. Simba akiwa chini ya mti wakati wa machweo? Hilo ni bango la kampuni ya safari, na mchezaji wa Nakuru hatalikubali wala yule wa Seoul halitamwambia anacheza nini.

Manake jalada lina kazi ya pili: kusema ukweli. Mwaka wa 1987 Capcom walitoa Mega Man. Shujaa ni roboti mdogo wa bluu mwenye mzinga badala ya mkono. Jalada la Marekani likatoka na jamaa wa makamo, amekunja sura, ameshika bastola. Lilichekwa miaka na miaka, hadi Capcom wenyewe wakaingia kwenye utani: 2012 wakamweka jamaa huyo kama mpiganaji ndani ya Street Fighter X Tekken.

Wao walikuwa na uwezo wa kucheka. Wewe huna. Steam humrudishia mnunuzi pesa akiomba ndani ya siku 14 na hajacheza zaidi ya saa mbili. Ukichora vita vya angani na ndani ni gemu ya kupanga vigae, atabonyeza, atanunua, atarudisha, na njiani atakuachia maoni ya matusi ambayo kila anayekuja atayasoma. Rangi za jioni zenye ukungu zinaahidi kuogopesha. Mashamba na mwanga wa asubuhi vinaahidi utulivu, kama Stardew Valley. Mchezaji anazisoma ahadi hizo bila kujua anazisoma. Mbofyo wa uongo ni hasara kuliko mbofyo uliokosa.

Halafu kuna hili ambalo hatupendi kulisema. Wengi wetu hatujui kuchora, na mji umejaa wanaojua. Lakini tukiwafikia tunakuja na hadithi: "nitakulipa gemu ikiuza", "utapata jina". Wewe mwenyewe umechoka kuambiwa hivyo na wateja, sasa unamgeuzia mwenzako? Kama pesa ni kidogo, punguza kazi, usipunguze heshima. Mwambie akuchoree mhusika mmoja na jina la gemu, umlipe nusu kabla ya kuanza. Mchoro mmoja uliolipiwa unashinda vitano vya kuombana.

Na najua unaniambia akili mnemba inachora bure. Tangu Januari 2024 Steam inakutaka uoneshe wazi ulipoitumia, na maelezo hayo mnunuzi huyaona pale pale ukurasani. Wachezaji wengi wa gemu ndogo wananunua kwa sababu wanataka kitu kilichotengenezwa na mtu. Ukiwasalimia kwa uso wenye vidole saba, wataanza kujiuliza ni nini kingine humo ndani hukukifanya mwenyewe. Itumie kutafuta wazo ukitaka. Jalada lipewe mkono wa mtu.

Ukishapata rasimu mbili tatu, usiulize mbogi yako "iko poa?" Watasema iko poa, ni marafiki zako. Fungua ukurasa wa gemu za aina yako, piga picha ya skrini, bandika rasimu yako katikati yao kwa ukubwa ule ule, umpe simu mtu asiyekujua. Kinyozi anafaa sana, au jirani wa kwenye mat. Mwache aangalie sekunde mbili, funika, kisha muulize ameona nini na anadhani ni gemu ya kufanya nini. Usimweleze chochote, hata ukiumwa na ulimi. Fanya hivyo na watu kumi, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe uone kama jina bado linasomeka.

Mpe mchoraji vipimo vyote siku ya kwanza: vile vya Steam, 630 kwa 500 za Itch.io, na kama unaenda Google Play, ikoni ya 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500. Mwombe faili zenye tabaka zake, mhusika mbali, mandhari mbali, jina mbali, ili usimrudie usiku kila duka likibadilisha kipimo. Na andikeni, hata kama ni kwa WhatsApp: ni pesa ngapi, marekebisho mangapi, nani anamiliki mchoro, na jina lake litatokea wapi ndani ya gemu.