Bei ya Nyumba Siyo Gharama ya Nyumba

Mfanyakazi anayekusudia kununua nyumba yake ya kwanza hapa Tanga aghalabu huanza na swali moja tu: bei yake kiasi gani? Akisha kuzipata fedha hizo, kwa kudunduliza, kwa mkopo wa chama cha akiba au kwa kuuza shamba la urithi, hudhani safari imekwisha. Sisi tunasema hapo ndipo inapoanza, na wengi wa ndugu zetu wamekwama papo hapo.

Natuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 40,000,000. Ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei, ni shilingi 400,000. Kabla ya hapo yampasa mnunuzi kulipia upekuzi kwa Msajili wa Hati, mthamini na wakili wa kuandika mkataba. Kodi ya faida ya mauzo ni mzigo wa muuzaji, lakini wako wauzaji wanaousukumia kwa mnunuzi saa ya mwisho. Asiyeliweka jambo hilo katika mkataba mapema hulipa huku akinung'unika. Hali ni hiyo hiyo kwa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi.

Dalali naye hudai fungu lake. Na katika baadhi ya mitaa wapo viongozi wanaodai asilimia kumi ya bei ili wagonge muhuri. Sisi tulio katika uongozi hatuna haki ya kulifumbia macho jambo hili. Malipo yasiyo na risiti ya Serikali si ushuru, ni ulanguzi.

Lakini hasara kubwa kuliko zote imo katika nyumba za urithi, nazo ni nyingi kule Ngamiani. Marehemu ameacha watoto saba, mmoja anauza, sita hawana habari. Sheria ya mirathi, iwe ya Kiislamu au nyingine, haimpi mrithi mmoja ruhusa ya kuuza fungu la wenziwe. Mnunuzi na adai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Akiidharau, atakuja kuitumia akiba yake yote barazani kwa hakimu, naye hana nyumba wala fedha.

Vivyo hivyo, nyumba isiyo na hati, yenye karatasi ya mtaa tu, huonekana rahisi. Upimaji na umilikishaji ni gharama ya aliyenunua, na yafaa ihesabiwe tangu siku ya kwanza.

Zamani ilikuwako Benki ya Nyumba, iliyofungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba ya mabenki ya leo, ambayo ilipewa nguvu na sheria ya mwaka 2008, imekuwa na riba nzito. Anayekopa shilingi 32,000,000 kwa riba ya asilimia 15 hudaiwa riba ya shilingi 4,800,000 hivi katika mwaka wa kwanza, yaani 400,000 kila mwezi, kabla deni lenyewe halijaguswa. Ni mishahara mingapi ya walimu wetu inayoweza kubeba hayo na karo na chakula? Tena aliyemaliza akiba yake yote katika kutanguliza malipo huingia nyumbani mikono mitupu, masika yakaribia na bati zinavuja, maji hayajaunganishwa, na kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, kama ilivyo tangu Agosti 2021.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi asishike nyumba ya bei inayolingana na akiba yake yote. Na achague ya chini kidogo, abakize cha kulipia karatasi na matengenezo. Halmashauri nazo tunazitaka zibandike katika kila ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, orodha ya ada zote halali za uhamisho wa milki, kiasi chake na ofisi inayopokea. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya wala semina.