Beni–Bunia: tupande kampuni gani?



Kila wiki watu wanatuuliza: kwenda Bunia tupande ndege ya kampuni gani? Swali ni la haki. Kuko mama mchuuzi anayekwenda mara tatu kwa mwezi. Tutamujibu, lakini siyo vile kampuni zinapenda.

Wanasema kampuni zikiwa nyingi, bei itashuka. Mashindano gani? Zinashindana zenyewe kwa zenyewe, hazishindane na barabara. Ile ya Oicha, Eringeti na Komanda, ADF wameshachoma magari na kuua watu pale mara ngapi? Mwenye kukimbia panga analipa chochote wanamuomba.

Hata hivyo, bei isikuwe swali la kwanza. Sisi wenyewe tulishajidanganya. Tulinunua biye ya bei ya chini kuliko zote, tukafikisha mgonjwa Mavivi saa 12 asubuhi. Tukakaa naye kwenye benchi mpaka saa 9. Ndege hakuna, mtu wa kampuni hakuna, simu imezimwa. Kesho yake wakatuambia tuongeze feza, eti bei imebadilika! Jina lao hatulitaje, sababu ile tabia haiko ya kampuni moja tu.

Kwa mwenye kusafiri kila mara, kampuni ya maana ni ile inaruka siku ilisema, inapima mizigo mbele yako, na inarudisha feza bila kukuzungusha. Ukiona mwenye kupima anapokea kitu kidogo ili mzigo upite, usipande. Na rubani akisema mvua ni mbaya, tusimupigie kelele (tunajua, sisi pia tunapigaka).

Hatujasahau tarehe 24 Novemba 2019. Ndege ndogo iliyotoka Goma kuja Beni ilianguka juu ya nyumba za watu, kisha tu kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine kati yao hawakununua biye yoyote: walikuwa kwao.

Abiria hana macho ya kuona ndani ya mashini. Hiyo ni kazi ya Leta. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya unakataza kampuni zinazopewa ruhusa na Kongo kuruka kwenye anga lake, kwa sababu hauamini ukaguzi wetu. Wakubwa wetu wakienda Bruxelles wanapanda ndege za wengine. Hizi wanatuachia sisi.

Kwa hiyo tunadai: AAC ibandike kwenye ukuta wa Mavivi kila ndege iliyokaguliwa, na tarehe. RVA ituonyeshe zile feza za Go-Pass tunazolipa zimejenga nini hapa. Na serikali itupatie barabara mtu anaweza kupita mchana bila kuagana na watoto wake.

Kama kampuni ilikatala kukurudishia feza, usitupe biye yako. Utuletee. Tunazikusanya zote, tutazipeleka AAC siku moja, sote pamoja.