Taa ya Gari Iliyozimika ni Somo la Fizikia

Gari lipitalo Dutumi, mkoani Pwani, usiku huku taa moja ya mbele imezimika, kwa mbali hudhaniwa kuwa pikipiki. Ajaye mbele yake hulipisha kwa nafasi ndogo. Hapo ndipo maafa huzaliwa. Hata hivyo, mara nyingi balbu mpya hununuliwa kabla ya swali lolote kuulizwa, nayo pia haiwaki.

Sayansi hututaka tuulize kwa utaratibu. Ikiwa taa ya pili yawaka vizuri, betri si ya kulaumiwa. Zima swichi, balbu ikiisha kupoa ihamishie upande ulio mzima. Ikiwaka huko, haina kosa. Hitilafu imo katika fyuzi, waya, au kiungo kilichoshika kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya umeme kurudi betrini. Balbu ya wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5. Kutu kidogo yatosha kuififisha. Awekaye waya mnene mahali pa fyuzi hatengenezi, anaalika moto.

Kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, hukaririwa shuleni. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aikaririye asiweze kutafuta hitilafu ya taa hajafundishwa bado. Mwalimu, peleka darasani betri za tochi, balbu yake na waya. Ficha hitilafu moja, kisha waache wanafunzi waitafute, wakieleza sababu ya kila hatua.