Lagos Si Mbali Hivyo

Wengi wakiulizwa umbali wa Lagos kutoka Dar es Salaam hujibu kwa saa za safari au kwa bei ya tiketi. Hatuwalaumu, maana hicho ndicho kipimo wanacholipia. Lakini twaona yawapasa wafanyakazi kujua kupima wenyewe.

Ramani ya ukutani haifai kwa kazi hiyo. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, na ramani ya namna ya Mercator, iliyobuniwa mwaka 1569, huzitanua nchi za kaskazini kuliko haki yake. Lichukuliwe tufe la dunia lenye mzingo wa mita 1. Mzingo wa dunia yenyewe ni karibu kilomita 40,000 (wala si kwa bahati, kwani Wafaransa walioianzisha mita katika miaka ya 1790 waliitoa katika vipimo vya dunia hii hii), hivyo kila sentimita ya uzi ni kilomita 400. Uzi ukikazwa juu ya tufe kutoka Dar es Salaam hadi Lagos hupata sentimita 10 na nusu na ushei, yaani kilomita zipatazo 4,250. Rubani haufuati uzi huo sawasawa, kwa ajili ya pepo na dhoruba, lakini ndio msingi wa hesabu yake.

Sasa uzi upitishwe Nairobi: zitaongezeka kilomita 250 tu. Upitishwe Dubai: utafika karibu 9,900. Upitishwe London: 12,500. Mwananchi aendaye kumwona ndugu yake wa Afrika Magharibi aweza kuzungushwa karibu mara tatu ya umbali wa haki, na mafuta ya mzunguko huo hayatoki mfukoni mwa mwingine.

Njia ya London ilichorwa na wakoloni, waliotaka kila koloni litazame mji mkuu wao. Ile ya Dubai imechorwa na wafanyabiashara walioona pengo tuliloliacha wenyewe. Serikali za Afrika zayajua hayo: ziliafikiana mwaka 1999, katika Azimio la Yamoussoukro, kufunguliana anga, na Januari 2018 nchi 23 zikazindua soko moja la usafiri wa anga.

Wako wasemao kwamba mashirika madogo ya taifa yatamezwa na makubwa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikufa mwaka 1977 katikati ya ugomvi wa wenyewe waliokuwa nalo, wala hakuna jitu la kigeni lililolimeza.

Tunamtaka kila mbunge wa chama, wizara ya uchukuzi itakapoleta makadirio yake Bungeni, asimame aulize: ni vibali vingapi vya kuruka baina ya miji ya Afrika vilivyoombwa na kukataliwa, na kwa sababu gani?