AFYA YAKO: Mfuko wa choo si hukumu

Dkt Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka wa 1946, aliona kuwa Waafrika wa mashambani, walaji wa nafaka zisizokobolewa, hawakuugua sana vifuko vya utumbo mpana. Kwa hivyo wewe wa Kegonga, usiutupe ugali wa wimbi.

Hata hivyo, ugonjwa huo upo. Kifuko kikitoboka, uchafu humwagika tumboni, na mpasuaji hujiuliza: Je, ni usaha au kinyesi? Presha ya mgonjwa imesimama? Ana kisukari?

Mgonjwa akiwa imara, sehemu mbovu hukatwa na ncha mbili za utumbo zikaunganishwa. Akiwa mahututi, mshono huo waweza kuachia. Basi hufuatwa njia aliyoieleza Mfaransa Henri Hartmann mwaka wa 1921: ncha ya chini hufungwa, ya juu hutolewa kwenye ngozi ya tumbo, na kinyesi huingia mfukoni.

Hapo ndipo jamaa hukataa kutia sahihi: "Heri afe kuliko kubeba choo!" La hasha. Wengine huunganishwa tena baada ya miezi kadhaa. Wengine hubaki na mfuko na kuendelea kulima na kulea. Muulizeni daktari mapema: ataunganishwa lini? Mifuko yapatikana wapi?

Tumbo likiwa gumu kama ubao na homa ikipanda, usingojee vidonge vya dukani. Mkimbize hospitalini usiku huo huo.