Mvi si Ushahidi

Mhariri, msomaji mwenzangu ameandika kwamba mahakama zikichelewa, wanakijiji wana haki ya kumwadhibu wenyewe mzee anayetuhumiwa uchawi, kama ilivyokuwa katika filamu za magharibi ya Marekani. Mfano huo unampinga. Katika tamthilia ya televisheni ya Gunsmoke, iliyoonyeshwa kuanzia 1955 hadi 1975, shujaa Matt Dillon ndiye anayesimama kati ya mshukiwa na umati wenye kamba.

Sisi wa Dabaso tunaijua Kilifi yetu. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi kwa kuogopa mvi zao zitawafanya watuhumiwe uchawi. Kule Kaya Godoma, Ganze, wanaotuhumiwa wamejengewa makao ya kukimbilia. Na ukichimba tuhuma, mara nyingi utakuta shamba: mzee akiondoka, ardhi inagawanywa au inauzwa.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mahakama ikichelewa, tuidai iharakishe. Hukumu ya panga haina rufaa. Vijana wenzangu, tuwalinde wazee wetu.